Vitz ya mwaka 2001 inachemsha kwenye foleni lakini si safarini: nikague nini kabla injini haijafunguliwa?

Binti Kimara (mwenye uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba ushauri kuhusu gari langu dogo, Toyota Vitz ya mwaka 2001 yenye injini ya 1SZ-FE ya cc 997, ambalo hunipeleka kazini Posta na kunirudisha Kimara, na mara mojamoja hunifikisha Morogoro kwa wazazi. Kwa miezi ya karibuni limekuwa likichemsha, na kila fundi niliyemwendea ameniambia lake.

Nikiwa kwenye foleni ya jioni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, taa nyekundu ya joto huwaka baada ya muda mfupi wa kusimama na kusogea. Nikizima kiyoyozi na njia ikafunguka, gari likishika mwendo, taa huzimika yenyewe. Safari ya Morogoro halichemshi kabisa, hata likiwa na watu wanne na mizigo. Jambo jingine linalonitatiza ni taa ya buluu, ile inayoonyesha kwamba injini bado ni baridi. Zamani ilizimika mapema asubuhi, lakini siku hizi inachelewa sana, na usiku nikishapita Chalinze hurudi kuwaka gari likiwa kwenye mwendo. Aidha, maji ya rejeta yanapungua kila wiki kwa kiasi cha chupa ndogo ya maji ya kunywa, ingawa sioni tone lolote chini linapolala, na chupa ya akiba imejaa mpaka juu wakati wote.

Mota ya feni ilikufa mwanzoni mwa mwaka, ikafungwa nyingine ya mtumba. Gari lilipoanza kuchemsha baada ya hapo, fundi mmoja aling'oa themostati (vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya rejeta kulingana na joto) akieleza kwamba nchi ya joto haiihitaji. Fundi wa pili anasema ni hedi gasketi (sili iliyo kati ya silinda hedi na bloku ya injini) iliyoungua, hivyo injini ifunguliwe na silinda hedi ikachongwe. Wa tatu ananishauri nitafute injini nyingine ya mtumba. Fedha niliyonayo hainiruhusu kubahatisha. Naomba mnielekeze ninachoweza kukagua mwenyewe nyumbani, nikiwa na spana chache, bisibisi na tochi, na nianzie wapi.

Mzee wa Starlet

Mwanangu, usiruhusu injini ifunguliwe kabla hujapata ushahidi. Umeeleza dalili zako vizuri, na ndani yake kuna jambo zito ambalo mafundi wamelipita: gari linachemsha likisimama na linapoa likikimbia. Gari linapokimbia, upepo wa barabarani hupita kwenye rejeta wenyewe. Linaposimama, kazi hiyo yote inabaki kwa feni. Rejeta iliyoziba au wota pampu (pampu inayozungusha maji ya injini) iliyochoka ingekutesa zaidi safarini, kwenye mwendo mkubwa na milima, kwa sababu huko ndiko injini inakozalisha joto jingi. Wewe kwako ni kinyume, kwa hiyo ningeanza na feni.

Kuhusu hedi gasketi, fanya ukaguzi huu asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na limepoa kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta, ujaze maji mpaka shingoni, uwashe injini, kisha uangalie shingo hiyo kwa tochi. Mapovu machache ya mwanzoni ni hewa iliyokuwa imenaswa, na hukoma. Mapovu yanayoendelea kuja bila kukoma, na kuongezeka ukikanyaga mafuta, ndiyo ya kutia shaka, kwa sababu huenda ni moshi wa silinda unaopenya kwenye njia za maji. Chomoa pia kijiti cha oili: oili iliyochanganyika na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Utando mdogo mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutishe, kwani injini inayofanya safari fupi bila kupata moto vizuri huweka unyevu hapo, na taa yako ya buluu inaonyesha kwamba injini yako haipati moto inavyotakiwa. Mwisho, angalia kama moshi mweupe unaendelea kutoka kwenye ekzosi hata injini ikiwa imeshapata moto.

Ukiwa bado na wasiwasi, tafuta gereji yenye kile kipimo cha maji ya buluu yanayowekwa juu ya shingo ya rejeta. Yakigeuka kuwa ya njano, kuna gesi ya moshi ndani. Ni kipimo cha bei ndogo ukilinganisha na kufungua injini, na ningemwomba fundi yeyote anayetaja hedi gasketi akifanye kwanza mbele ya mwenye gari.

Pwani Moja

Naomba kutofautiana kidogo kuhusu themostati. Mimi naishi Tanga, magari yangu yote mawili hayana themostati kwa miaka mingi, na hayajawahi kuchemsha. Kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Huku kwetu kinaongeza tu kitu kimoja cha kuharibika, na kikigoma kufunguka ukiwa njiani, injini inaungua. Dada ahangaikie feni, lakini themostati aiache huko ilikotupwa.

Fundi Umeme

Dada, hilo la mota ya mtumba lingekuwa la kwanza kwangu. Mimi hufanya umeme wa magari, na kosa moja ninalokutana nalo kwenye feni zilizobadilishwa ni waya zilizounganishwa kinyume. Mota ya feni hutumia umeme wa betri, na ukigeuza waya zake mbili inazunguka upande wa pili bila kulalamika. Mtu akiinama na kuiona inazunguka kwa kasi anaridhika. Lakini feni ya Vitz ipo nyuma ya rejeta, upande wa injini, na kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele ya gari kuipitisha kwenye rejeta. Ikizunguka kinyume inasukuma hewa ya moto ya injini kuelekea mbele, na gari likisogea polepole upepo wa mbele na upepo wa feni vinapingana. Ukikimbia, upepo wa barabara unashinda, na gari linapoa. Dalili zako zinafanana kabisa na hali hiyo.

Kuipima hakuhitaji kifaa. Washa injini, washa kiyoyozi, subiri feni ianze, kisha chukua karatasi moja ya daftari uisogeze mbele ya gari kwenye matundu ya grili. Feni inayovuta sawasawa itaishika karatasi ikabaki imeganda pale. Karatasi ikisukumwa kukujia au ikianguka tu, feni ama inazunguka kinyume ama haina nguvu. Vidole, mtandio na mikono mirefu ya nguo vikae mbali na mapanga ya feni, kwani huwaka bila kukupa taarifa.

Feni isipowaka kabisa, anza na fyuzi yake, kisha relei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme). Kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti mara nyingi utakuta relei nyingine inayofanana nayo umbo na namba. Zibadilishane nafasi uone kama feni itafufuka. Baada ya hapo peleka umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye mota, kwa waya mnene wenye fyuzi. Mota inayogoma kuanza ikiwa ya moto, lakini ukiigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi inaamka, brashi zake za kaboni zimekwisha. Mota za mtumba huuzwa zikiwa hivyo mara nyingi, kwa sababu dukani hujaribiwa zikiwa baridi.

Mzee wa Starlet

Ndugu yangu wa Tanga, ninaheshimu uzoefu wako, lakini naomba tusimwache binti huyu na ushauri huo. Themostati haifanyi kazi kwa kutazama hali ya hewa ya Tanga au ya Tokyo. Inatazama joto la maji yaliyo ndani ya injini. Za Toyota nyingi zimeandikwa 82, yaani zinaanza kufunguka kwenye nyuzi joto 82 hivi, ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na ibaki hapo. Ikiondolewa, maji hupita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na katika usiku wa baridi kidogo barabarani injini inashuka chini ya joto hilo. Ndiyo sababu taa ya buluu inarudi kuwaka baada ya Chalinze. Kompyuta ya gari ikiona injini ni baridi huongeza petroli, na petroli isiyoungua vizuri huteremka kwenye oili na kuiharibu. Binti, nina hakika ukitazama matumizi yako ya mafuta utaona yameongezeka tangu kifaa hicho kilipotolewa.

Kuna injini ambazo themostati yake, inapofunguka, huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiiondoa katika injini ya namna hiyo, sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa, na wewe uliyekuwa unakimbia kuchemsha unajikuta umezidisha tatizo hilohilo.

Nunua mpya, wala usinunue ya mtumba, na uijaribu kabla ya kuifunga. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, upashe moto polepole. Inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajachemka, na kujifunga tena yakipoa. Ikiwa ina kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza, kitundu hicho kikae juu wakati wa kufunga ili hewa ipate pa kutokea.

Msafiri wa Makambako

Naomba kuongeza kuhusu maji yanayopungua, kwa sababu chupa ya akiba iliyojaa muda wote huku rejeta ikipungua ni dalili ya wazi. Mfuniko wa rejeta una vali mbili. Ile kubwa inazuia shinikizo hadi kiwango kilichoandikwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1 (kilo kwa sentimita ya mraba), na kwa shinikizo la 1.1 maji huweza kufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Ile ndogo iliyo katikati hufunguka injini ikipoa, ili maji yaliyokimbilia kwenye chupa yavutwe yarudi. Ikikwama, maji huenda kwenye chupa na hayarudi. Chupa ikijaa, yanayofuata humwagika barabarani ukiwa kwenye foleni, na nyumbani huoni hata tone. Mpira wa ile vali kubwa ukichanika, maji yako yatachemka kwenye nyuzi 100 tu ukiwa Dar es Salaam, na sisi wa nyanda za juu tunaumia zaidi, kwani Njombe, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 93. Injini ikipoa kabisa, fungua mfuniko, ukunje mpira wake kwa kidole utafute nyufa, kisha uvute kwa kucha kile kisahani kidogo cha katikati uone kama kinarudi. Kagua pia kile kimpira chembamba kinachoelekea kwenye chupa, kwani kikipasuka rejeta itavuta hewa badala ya maji. Mfuniko mpya uwe na namba ileile.

Jambo la mwisho ni aina ya maji. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi hiyo hujenga magamba ndani ya rejeta. Weka kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini). Ikiwa unainunua nzito, ichanganye nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Ukiomba dukani maji ya betri kwa ajili hiyo, hakikisha unapewa yale ya kuongezea wala si asidi, kwa sababu yote mawili huitwa jina hilo na chupa hufanana. Kulanti ya zamani usiimwage uani. Ni sumu na ina ladha tamu, na mbwa au mtoto anaweza kuinywa.

Binti Kimara (mwenye uzi)

Shikamoo mzee, na asanteni sana nyote. Nimefanya mliyonielekeza na naleta majibu. Mapovu yalikoma baada ya muda mfupi, kijiti cha oili ni safi, na ekzosi haitoi moshi mweupe injini ikiwa ya moto. Karatasi haikushikwa hata kidogo: ilipepea kunijia, na nilihisi hewa ya moto ikinipiga usoni. Fundi wa umeme wa jirani alichomoa kiunganishi cha mota, akazibadilisha waya mbili, na karatasi ileile ikaganda kwenye grili. Mfuniko wa rejeta ulikuwa na mpira uliokakamaa na kile kisahani cha katikati hakikuweza kusogea. Nimenunua mfuniko wa 1.1 kama wa awali, pamoja na themostati mpya ambayo ilifunguka vizuri kwenye sufuria. Kabla sijaifunga, naomba kuelekezwa namna ya kujaza kulanti bila kuacha hewa ndani.

Mzee wa Starlet

Marahaba mwanangu. Ukishafunga themostati na gasketi yake mpya, egesha gari pua ikiwa juu kidogo, uweke swichi ya hita kwenye moto kabisa, kisha ujaze polepole mpaka shingoni. Washa injini mfuniko ukiwa wazi na uongeze kila inaposhuka. Mpira wa juu wa rejeta utakaa baridi kwa muda, halafu utapata moto ghafla. Hapo themostati imefunguka, na maji huweza kushuka kwa mkupuo. Jaza tena, funga mfuniko, na chupa ya akiba uijaze hadi mstari wa juu, usiuzidishe. Acha injini iendelee kunguruma hadi feni iwake na kuzimika yenyewe, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, kagua tena rejeta na chupa.

Binti Kimara (mwenye uzi)

Nimejaza kama ulivyoelekeza, mzee. Taa ya buluu sasa inazimika kabla sijatoka mtaani, na foleni ya jioni naipita na kiyoyozi bila taa nyekundu. Maji ya chupa yanapanda gari likiwa la moto na kurudi kwenye mstari asubuhi. Nilipokuwa namulika kwa tochi nimeona alama nyembamba ya waridi iliyokauka chini ya wota pampu. Je, hiyo nayo inahitaji fundi sasa hivi?

Fundi Umeme

Chini ya pampu kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili sili ikianza kuchoka maji yatokee hapo. Ifute alama hiyo kwa kitambaa chenye unyevu, uikague baada ya wiki moja. Ikirudi, au puli ya pampu (gurudumu linalozungushwa na mkanda) ikicheza ukiishika kwa mkono injini ikiwa imezimwa, badilisha pampu na feni belti (mkanda unaoizungusha pampu) kwa pamoja, kwani kazi ya kuvifikia ni ileile.