Naomba ushauri: kupanga madaraja ya ubora wa udongo, shamba la ekari 12 Maswa

Ndugu wakulima na wataalamu wa udongo, nina shamba la ekari 12 wilayani Maswa, linaloteremka kutoka kwenye mawe hadi bondeni, nami nataka kuligawa kwa madaraja ya ubora kabla ya msimu kuanza.

Wazee wa Kisukuma walikwisha kuligawa kwa majina. Juu ni luseni, udongo wa kichanga unaokubali mihogo na karanga. Katikati ni itogolo, ambako chini ya udongo wa juu kuna tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi, na ndiyo maana watu huchimba majaruba ya mpunga. Bondeni ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaonasa jembe wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Ninapokwama ni hapa: mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 1976 hupima ardhi kwa matumizi yaliyokusudiwa, kwa hiyo itogolo hiyohiyo yaweza kufaa kwa mpunga na isifae kwa mihogo, ilhali mfumo wa Marekani wenye madaraja 8 hutazama zaidi vikwazo vya kudumu, kama mteremko na mmomonyoko. Binafsi naelemea ule wa FAO. Je, niko sahihi?

Aidha, kwenye itogolo, sampuli ya sentimita 20 za juu inatosha, au nichimbe shimo hadi tabaka gumu? Na zaidi ya pH (kipimo cha tindikali ya udongo), naitrojeni na fosforasi, ni vipimo vipi vya maabara vinavyostahili gharama?