Mrejesho: furukombe wa Naivasha kwa lenzi ya milimita 400

Ndugu zangu, niliuliza nikiwa hapa Goma namna ya kumpiga picha furukombe, yule tai mla samaki, akinyakua samaki bila picha kutoka na ukungu. Mlinijibu: shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/2000 ya sekunde, fokasi ya kumfuata ndege anavyosogea, jua mgongoni. Nimerudi kutoka Ziwa Naivasha, Kenya. Yote yamefanya kazi, aksanti sana, ila upepo hatukuutaja, na kwangu ndio wenye uzito kuliko yote.

Tai hushuka akiukabili upepo. Mwombe nahodha ageuze boti mpaka upepo uwapige mgongoni, ndipo ndege aje uso kwa uso. Mkikosea hapo mtapata mkia tu. Kisha injini izimwe, na lenzi ishikwe mkononi, isiegemee ubao.

Samaki wa kumtupia tai huchomekwa kipande cha bua la mafunjo ili aelee. Bua likiwa fupi mno anazama kabla tai hajafika. Anzeni kupiga mfululizo pale miguu ya njano inapotupwa mbele, si baadaye.

Kichwa cheupe ndicho kinachoharibika. Kamera ikipima mabawa meusi huongeza mwanga, na manyoya ya kichwa yanageuka karatasi tupu. Shusheni fidia ya mwangaza (mpangilio wa kuongeza au kupunguza mwanga wa picha) hadi -0.7, jua likiwa kali -1. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) niliiacha ijipange yenyewe, kikomo 3200.

Na tafadhali: samaki mmoja au wawili kwa ndege mmoja wanatosha, na mti wenye kiota upitwe mbali.