Chumba cha Mwanjelwa

Kikundi: WATOTO NA WAJUKUU WA BIBI, TUKUYU

Tusekile: Shikamooni wakubwa wote. Chumba nimepata, kiko Mbeya mjini, Mwanjelwa nyuma ya soko. Elfu arobaini kwa mwezi, maji uani, umeme tunachangia. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu. Chuo kinafunguliwa wiki ijayo.

Mjomba Gwamaka Iringa: Marahaba mwanangu. Hongera, ila Mwanjelwa hapana. Tafuta Forest au Block T, hela itakayopelea nitaongeza mimi.

Mama: Hata mimi kaka niliposikia Mwanjelwa moyo ulishtuka. Sikutaka kuanza kusema.

Mjomba Gwamaka Iringa: Binti, mgeni wa mji, anasomea uuguzi, zamu zitamrudisha usiku. Mwanjelwa ni vibaka na bangi. Kila mtu anajua hilo.

Kaka Lusajo: Shikamoo mjomba. Vibaka wapo, sikatai, mimi naendesha bajaji huko kila siku. Ila tuulizane wako wapi na saa ngapi.

Mjomba Gwamaka Iringa: Mwizi hana ratiba Lusajo.

Kaka Lusajo: Anayo mjomba. Ngoja nikuelezee. Akishuka kituoni kuna njia mbili za kufika kwenye hiyo nyumba, naijua. Moja inapita mabuchani na kwenye mashine ya kusaga. Ile mashine inafanya kazi mpaka saa tatu usiku, nje pana taa, na kuna mama anakaanga chipsi pembeni. Nyingine inakata katikati ya vibanda vya mitumba. Mchana kila mtu anapita hapo kwa sababu ni fupi. Ikigonga saa mbili wanafunga, wanashusha maturubai pande zote, katikati panabaki kama handaki. Wengi ninaosikia wameporwa simu wameporwa hapo, na mtu anakuwa anakata njia huku anaongea na simu. Saa kumi alfajiri hapohapo hapana shida tena, malori ya viazi na ndizi yanashusha, akina mama wamejaa.

Mama: Kumbe.

Kaka Lusajo: Ndiyo mamdogo. Hatua mia kutoka hapo watoto wanacheza mpaka saa mbili usiku na hakuna anayewagusa.

Mama Mkubwa Atuganile: Ndiyo kwanza nashika simu, nilikuwa nafunga magunia. Marahaba wanangu. Gwamaka.

Mjomba Gwamaka Iringa: Shikamoo dada.

Mama Mkubwa Atuganile: Marahaba. Mimi ninayelala Mwanjelwa na watoto wangu wote nimewalea hapa, ni kibaka au ni bangi?

Mjomba Gwamaka Iringa: Dada sikusema wewe.

Mama Mkubwa Atuganile: Najua hukunitaja. Ila umesema Mwanjelwa, na mimi nimo ndani ya hilo jina. Desemba 2006 soko lilipoungua nilikuwa na meza ya mchele wa Kyela, sikuokoa hata debe moja. Tukahamia soko la SIDO, na kwenyewe kukaungua 2011, tena 2017. Novemba ya 2011 hiyohiyo ndiyo ile vurugu ya machinga na polisi, mabomu ya machozi siku nzima, tumefunga watoto ndani na vitambaa vya maji usoni. Nchi nzima iliona moshi wetu kwenye taarifa ya habari. Waliopigwa picha ni waliokuwa wanarusha mawe. Sisi tuliokuwa tunachambua mchele kwenye majivu nani alitupiga picha? Basi jina likabaki na ule moshi mpaka leo.

Mama Mkubwa Atuganile: Na jina linatugharimu. Mwanangu wa pili aliitwa usaili wa kukaa kaunta, duka moja hapahapa mjini. Maswali yote kajibu vizuri. Mwisho wanamuuliza unaishi wapi. Alipotaja, yule mama akasema tutakupigia. Hawajapiga. Kijana akaniambia usaili mwingine atasema anakaa Ilomba. Nililia siku ile, kwa sababu nilimfundisha asiseme uongo.

Tusekile: Pole mama mkubwa 😢

Mama Mkubwa Atuganile: Ndaga mwanangu, asante.

Tusekile: Hata sisi wote tunasemwa. Kwenye kikundi cha wanafunzi wapya kuna wa Dar ameniuliza eti Mbeya bado watu wanachunwa ngozi. Mambo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, mimi sijazaliwa. Na yeye ametoka Tandale, nikamwambia mbona huko mnasemwa mabaya kila siku na Diamond amekulia hapohapo? Akanyamaza kwanza, halafu akasema kweli.

Mama Mkubwa Atuganile: Gwamaka nikukumbushe jambo. Mwanzoni mwa 2019, watoto walipouawa Njombe, wewe si ulikuwa unapeleka mbao kutoka Mafinga? Ulitupigia ukasema kila ukisimama kununua chai wanakuzunguka, wanataka kujua umetoka wapi na ndani ya gari kuna nini. Na bado ukatuambia watu wa Njombe si wabaya, wana hofu na watoto wao. Njombe uliipa nafasi hiyo. Mwanjelwa je?

Mjomba Gwamaka Iringa: Hapo dada umenishika.

Mjomba Gwamaka Iringa: Lakini huyu ni binti, na hofu yangu haiondoki kwa sababu umenikumbusha Njombe.

Mjomba Ambakisye Tunduma: Habari za jioni. Nimesoma zote. Nilipokwenda Johannesburg kutafuta maisha kila mtu aliniambia usikanyage Hillbrow. Chumba nikapata Hillbrow, maana huko ndiko mgeni anapangishwa bila maswali mengi. Jirani na hapo kuna jengo la mviringo linaitwa Ponte, ghorofa 54, wamelijenga 1975. Enzi za Makaburu lilikuwa la Wazungu na watu walilipanga kwa fahari. Baadaye wenye uwezo wakahama, matengenezo yakaachwa, uchafu ukatupwa kwenye uwazi wa katikati ya jengo mpaka ukapanda ghorofa kadhaa. Magenge yaliingia pakiwa pameshatelekezwa. Wakati naondoka walishaanza kulisafisha, wakaweka mlinzi mlangoni, familia zikarudi. Ila ukimtajia mtu wa kule Ponte anatikisa kichwa vilevile.

Mjomba Ambakisye Tunduma: Na Soweto yao, ambayo hata Mbeya tumechukua jina lake, watu wanaitaja kwa ujambazi. Mtaa mmoja tu wa huko, Vilakazi, ndipo zilipo nyumba za Mandela na Desmond Tutu, wote wawili wamepewa Nobel ya amani.

Mjomba Gwamaka Iringa: Kaka sema ukweli mbele ya watoto. Uliporwa Hillbrow au hukuporwa?

Mjomba Ambakisye Tunduma: Niliporwa. Kisu kwenye mbavu, saa saba usiku, natoka kazini peke yangu, na taa za ule mtaa zilikuwa hazijawaka mwezi mzima. Walichukua mshahara na viatu. Kwa hiyo mdogo wangu sikuambii hofu yako ni ya bure. Nakuambia waliponiokota asubuhi na kunipa chai na kandambili walikuwa watu wa Hillbrow hiyohiyo.

Mama: Bibi ametuma sauti lakini haisikiki vizuri, niko naye hapa nawaandikia. Anauliza kwenye hiyo nyumba wapangaji wengine ni akina nani. Kuna mama mwenye watoto? Kuna mtu anaamka mapema? Choo kiko ndani ya uzio au nje?

Tusekile: Choo ndani ya uzio bibi. Chumba cha kwanza kuna mama anauza maandazi, ana watoto watatu, anaamka saa kumi. Cha kati fundi cherehani na mkewe. Changu ni cha mwisho.

Mama: Bibi anasema huyo wa maandazi ndiye wa kumsalimia kila siku.

Mama Mkubwa Atuganile: Maswali ya bibi yenu ndiyo ya maana kuliko jina la mtaa. Nawaongezea: siku ya kwanza Tuse aende kwa mwenyekiti wa mtaa na barua ya chuo, aandikwe, ajulikane ni mtoto wa Atuganile muuza mchele. Namba ya mwenyekiti aihifadhi, na 112 ya polisi. Kwenye ile njia ya vibanda tumekubaliana wanawake wa soko kuchanga balbu na waya, mwenye kibanda cha mwisho ametoa umeme. Tulishapeleka malalamiko ya taa ya nguzo, tumesubiri vya kutosha. Na chumba tusikilipie kabla Mama Tuse hajakuja kukiona, na aje jioni, saa moja hivi. Mchana kila mtaa ni mzuri.

Mama: Jumamosi nitakuja.

Mjomba Gwamaka Iringa: Zamu ya jioni inaisha saa ngapi?

Tusekile: Saa mbili usiku mjomba. Ni wakati wa mafunzo kwa vitendo tu.

Kaka Lusajo: Nitamchukua getini hospitali. Sitamtoza.

Mjomba Gwamaka Iringa: Na siku bajaji ikiharibika?

Kaka Lusajo: Namtumia mwenzangu ninayemjua, jina na namba ya bajaji naweka hapa kikundini kila mtu aione.

Mama Mkubwa Atuganile: Ikishindikana analala kwangu. Kitanda kipo.

Mjomba Gwamaka Iringa: Moyo wangu haujatulia, nisiwadanganye. Ningependa Forest. Lakini Forest hatuna ndugu hata mmoja, hilo nimelifikiria tangu dada alipoandika.

Mjomba Gwamaka Iringa: Tuse, mlango wa hicho chumba ni wa nini?

Tusekile: Plaiwudi mjomba. Kitasa kinacheza kidogo.

Mjomba Gwamaka Iringa: Plaiwudi hapana. Lusajo kesho kapime upana na urefu, na unene wa fremu. Mlango nitauchongesha Mafinga, naupakia kwenye basi Ijumaa.

Kaka Lusajo: Sawa mjomba. Na kitasa?

Mjomba Gwamaka Iringa: Kitasa na komeo la ndani nanunua mimi. Muombeni mwenye nyumba ruhusa kwanza.