Je, RNA yote inayoingia kwenye vijibonge vya P huharibiwa?

Swali: Nimesoma kwamba katika saitoplazimu (sehemu ya seli iliyo nje ya kiini) kuna vijibonge vya P, visivyo na utando, ambamo RNA mjumbe (nakala ya maagizo ya jeni ya kutengeneza protini) hukusanyika bila kutafsiriwa kuwa protini. Je, RNA hiyo huangamia yote?

Jibu la 1: Ndugu muulizaji, vijibonge hivyo vina vimeng'enya vya kuvunja RNA: kimoja, Dcp2, huondoa kofia (kifuniko cha kemikali kinachoulinda uzi wa RNA) iliyo mwanzoni mwa uzi, kisha kingine, Xrn1, huumeng'enya uzi kuanzia hapo. Mwaka 2003 watafiti Sheth na Parker walionyesha, kwa kuchunguza hamira, kwamba uvunjaji huo unaweza kufanyika humo.

Jibu la 2: Naomba kuongeza, kwa kuwa jambo hili hueleweka vibaya mara nyingi. RNA nyingine huhifadhiwa tu, na hali ya seli ikibadilika hurudi kwenye ribosomu (viwanda vya protini vya seli) na kutafsiriwa upya. Aidha, mikroRNA (RNA fupi inayodhibiti RNA mjumbe) iliyoshikwa na protini ya Argonaute huitambua RNA lengwa, nayo protini nyingine, GW182, huviita vimeng'enya vya kuivunja; huku ndiko kunakoitwa unyamazishaji.

Muulizaji: Basi bila vijibonge hakuna unyamazishaji?

Jibu la 2: Upo. Mwaka 2007 majaribio katika seli za nzi wa matunda yalionyesha kwamba unyamazishaji huendelea hata vijibonge visipoonekana kwa hadubini. Kwa hiyo ninaviona vijibonge kuwa matokeo ya unyamazishaji zaidi kuliko chanzo chake.