Mama katolewa ICU usiku, sasa anaona wachuma karafuu darini. Nifanyeje?

binti_wa_Wete
Assalaam alaykum jamaa. Mniwie radhi kwa makosa, naandika kwa simu nimekaa kizingitini mwa wodi hapa Unguja na sijalala.

Mama yangu, miaka 67, alishikwa na nimonia kwetu Wete, Pemba, tukavushwa naye huku. Kakaa ICU, chumba cha mahututi, siku 9, siku 6 katika hizo yumo kwenye mashine ya kupumulia. Alhamdulillah mashine ikatolewa, akaanza kutujua. Juzi saa 3 usiku tukaambiwa kitanda kinatakiwa, anahamishwa wodini. Hata nusu saa haikufika, kitanda kinasukumwa, mie nafuata nyuma na ndoo na chupa ya chai. Hakuna aliyetuweka chini kutueleza.

Kule nesi alikuwa habanduki, na ile mashine inalia ti-ti-ti mchana na usiku. Nilikuwa naichukia! Hapa nesi ana vitanda chungu nzima, mashine hakuna, na huo ukimya ndio unaonitoa roho. Kila mara naweka mkono puani mwa mama nione kama anavuta pumzi.

Jengine, jana tangu magharibi anaweweseka. Anasema darini kuna watu juu ya mikarafuu, wateremke, makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanamwangukia usoni. Mie ananiita jina la marehemu dada yake. Asubuhi yu mzima, anaulizia mbuzi zake. Ami kasema huyu kavamiwa na pepo, kesho anakuja na kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, anyweshwe. Na mama hata kijiko cha maji kinampalia. Ami ndiye mkubwa wetu, siwezi kumjibu. Nisaidieni.

Forodhani_jioni
Mrudisheni ICU! Wamemtoa mapema. Piga kelele mpaka mkubwa wao aje.

nesi_mstaafu
Kelele za nini tena, kaka? Kutolewa ICU ni kwa kuwa amepata nafuu. Kosa ni kumtoa usiku bila ya kuwaeleza wenyewe, na hilo una haki ya kulalamikia.

Mwanangu, hiyo mikarafuu nimeisikia kwa wagonjwa wengi, kila mtu na shamba lake. Mtu kalazwa kwa dawa za usingizi, maradhi bado yamo mwilini, taa haizimwi, akili inapoteza mchana na usiku. Huja na kuondoka, na jua likizama huzidi. Kwa wengi huisha kwa siku chache, wengine huchukua wiki kadhaa. Hata hivyo mwambie daktari leo hii, usingoje raundi ya kesho, maana homa ikirudi, hewa ikipungua au mkojo ukiziba pia mtu huweweseka.

Mie kinachonitisha ni huko kupaliwa. Mpira wa mashine umekaa kooni siku 6, koo limelegea, na kitu chepesi kama maji ndicho kinachopotea njia upesi kikaingia mapafuni. Mapafu yenyewe ndiyo kwanza yanapona. Asipewe kitu mdomoni, maji wala uji wala kombe, mpaka aangaliwe anavyomeza. Waulize hivi: "Mama anapaliwa, nani atamtazama koo kabla hajalishwa?" Na vidonge vyake waulizie papo hapo.

Ami usimkatalie. Mwambie daktari kazuia vya kunywa, basi amsomee. Kisomo hakipiti kooni, na sauti anayoijua itamtuliza.

Badala ya kuweka mkono puani, tazama kifua umhesabie pumzi dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huvuta kama 12 mpaka 20. Zikifika 25, au midomo ikibadilika rangi, mwite nesi, usione haya. Na ageuzwe kila baada ya saa 2, mgongo usije ukachubuka. Miwani anavaa? Avishwe, aone alipo.

nilirudi_salama
Mie nilikuwa mgonjwa mwenyewe. Nilikuwa na yakini manesi wanataka kunitupa baharini pale Malindi, mpaka leo nikimwona yule nesi naona haya. Mke wangu alikuwa akibishana na mimi, nikazidi kumshuku. Mwanangu ndiye aliyenipatia: hakubisha wala hakukubali, akisema tu, "Baba, upo hospitali, leo Jumatano, mie Saidi nipo." Mara mia kwa siku.

Nilipohamishwa wodini nililia kama mtoto. Nilidhani wamenikatia tamaa. Mwambie mama kwa nini kahamishwa, hata kama unaona hasikii. Na miguu haitombeba mara moja, usishangae. Mie kufika chooni tu ilikuwa safari ya kwenda Makunduchi.

Forodhani_jioni
Haya nesi, nimenyamaza. Dada, na wewe ukalale. Ndugu wengine hawapo?

binti_wa_Wete
Ahsanteni sana. Daktari kaja, kapimwa damu, hewa wamemrudishia ya puani. Koo limetazamwa: maji bado, uji mzito kijiko kimoja kimoja akiwa amekaa wima, na baada ya kula asilazwe nusu saa. Ami alikunja uso, lakini kasoma Yasini kando ya kitanda na mama akalala mpaka alfajiri. Miwani niliisahau Wete, inakuja na boti ya kesho. Wifi ananipokea usiku.

Wachumaji bado wapo. Jana kasema wamebaki wawili, na mmoja anagomba hajalipwa pishi zake.