Kuongeza RAM laptopu ikiwa bado na waranti

mgeni_mbagala:
Wakuu, laptopu yangu ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) GB 8 za aina ya DDR4, nikifungua brauza na mafaili ya kazi inaganda. Nataka iwe 16 ila muuzaji Kariakoo alibandika stika kwenye skrubu, eti nikifungua tu waranti imekufa. Kweli? Na RAM yoyote inaingia?

kisu_kikali:
Sio yoyote mkuu, DDR4 ya laptopu ina pini 260, DDR5 262, na kale kapengo katikati ya pini hakako sehemu moja kwa hiyo usilazimishe. Ila kabla hujatoa hela cheki kama kuna sloti (nafasi ya kuchomeka RAM), hizi nyembamba nyingi RAM imechomelewa kwenye bodi, hapo imekula kwako. Weka CPU-Z, programu ya kuonyesha vilivyomo ndani ya kompyuta, uone. Spidi za RAM mbili zikitofautiana, mfano 3200 na 2666, zote zinakimbia 2666, sio kesi.

mama_ubungo:
Waranti ziko mbili jamani, ya kiwanda na ya duka. Viwanda vingi havina noma na kuongeza RAM, wanachokataa ni kulipia ulichoharibu mwenyewe. Stika hiyo ni ya duka, mpelekee muuzaji aweke yeye na aandike kwenye risiti.

mgeni_mbagala:
Sloti moja iko wazi. Shukrani wakuu, kesho nazama Kariakoo.