Naomba ushauri: sehemu ya ziada kwenye fomu ya Django inanikatia kilo mara mbili
Wakuu, habari za leo. Niko Moshi, natengeneza mfumo mdogo kwa Django (zana ya Python ya kutengeneza programu za wavuti) kwa ajili ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Kibosho. Fomu ya mapokezi inajitengeneza yenyewe kutoka kwenye modeli (maelezo ya jedwali la data) kwa ModelForm: mkulima, tarehe, kilo. Karani akaomba sehemu ya uzito wa gunia tupu, ukatwe kabla ya kuhifadhi. Kwa kuwa haimo kwenye jedwali, niliitangaza ndani ya darasa la fomu kama DecimalField (sehemu ya namba za desimali), nikaisoma kwenye cleaned_data (data iliyokwisha kuhakikiwa) na kuandika upya save(), yaani hatua ya kuhifadhi, ipunguze. Hapo safi kabisa.

Tatizo ni kusahihisha. Karani akifungua rekodi ya jana abadili tarehe tu, kilo zilizomo zimeshakatwa gunia. Akijaza tena uzito wa gunia, zinakatwa mara ya pili. Mzee wa watu anapunjwa jasho lake, na hilo linaninyima usingizi.

Je, nipunguze pale tu self.instance.pk (kitambulisho cha rekodi) inapokuwa tupu, yaani rekodi ni mpya, au niongeze safu kwenye jedwali kabisa, nihifadhi uzito ghafi na wa gunia? Naegemea hili la pili, ila rekodi za nyuma nizifanyeje? Aliyewahi kulipitia anielekeze tafadhali.